Herufi Nne Chini ya Jina

Ukumbi wa mafundi simu ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Ilikuwa Jumamosi mchana, na kila meza ilizungukwa na watu wamemwinamia fundi kama wanaochungulia kisima. Feni zilizunguka bila kupuliza. Mtu mmoja alikuwa akijaribu spika, anaiwasha, anaizima, nusu mstari wa wimbo uleule tangu asubuhi.

Kwenye meza ya mwisho alisimama binti mwenye gauni la buluu na kilemba cheupe. Gauni lilikuwa safi, lakini pindo lake lilikuwa na vumbi la kijivu ambalo halikubali kutoka kwa sabuni, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mkata kuni. Alishika mfuko wa mchele mbichi. Ndani ya mchele kulikuwa na simu.

"Dada, hii imekunywa maji ikashiba," fundi alisema akiigeuzageuza. "Tafuta nyingine."

"Simu siitaki. Nataka sauti iliyomo ndani."

"Sauti ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Si umpigie akutumie tena?"

Binti alitazama mchele. Nyuma yake kijana mmoja mrefu, aliyekuja kubadilisha betri ya kompyuta yake, aliacha kupiga soga na jirani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kifuani tu. Mgongoni lilikuwa limekunjamana kama karatasi ya kuokota.

"Fundi," alisema, "huwezi kuiwasha hata dakika mbili? Sauti nitaitoa mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Sijajua bado."

Watu wakacheka. Binti hakucheka, ila aligeuka kumwangalia.

Fundi aliisugua bodi kwa brashi na spiriti, akaiunganishia umeme kwa nyaya mbili. Kioo kikawaka. Kijana akachomeka memori kadi na vidole vyake vikaanza kukimbia. Kazi ilipokwisha, simu ilizimika yenyewe, na haikuwaka tena hata fundi alipoipiga kofi.

"Imetoka," kijana alisema. "Sekunde thelathini na nane."

Binti aliketi kwenye ngazi, katikati ya wapandao na washukao, akajifunika uso.

"Usilie, dada. Iko hapa kwenye kadi."

"Silii kwa sababu imepotea," alisema ndani ya viganja vyake. "Nalia kwa sababu imepatikana."

Walikwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo kila mmoja alipojua kazi ya mwenziwe. Yeye binti alikuwa mchongaji wa mawe ya makaburi, katika karakana ya baba yake. Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, amesimama kazini, nyundo mkononi. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemrekodia bintiye ujumbe wa sauti. Binti aliusikiliza kila alfajiri kabla ya kuvaa, mpaka siku simu ilipomponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupoozea jiwe.

"Mama naye anausikiliza?"

"Mama hajawahi kuusikia. Anasema hana kifua cha kuubeba. Ametuahidi atausikia mara moja tu, siku tutakayoweka jiwe la baba, mwaka ukitimia."

Kijana alikoroga chai ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga tena. Yeye alikuwa mtengenezaji wa programu. Wakati huo alikuwa anajenga tovuti ya kumbukumbu, familia iweke picha na sauti ya mtu wao, na kila marehemu apate anwani yake.

"Mtu akisimama kaburini anaandika anwani kwenye simu yake, anamsikia," alisema. "Ungeweza kuichonga chini ya jina."

"Kwenye jiwe?"

"Kwenye jiwe."

"Bwana Mtandao," binti alisema, na jina hilo likamganda, "jiwe halifutwi. Unajua hilo?"

"Najua."

Hakujua.

Kwa siku tatu alivaa hedifoni akaisafisha ile sauti, akaondoa mvumo wa mashine ya kukatia mawe, akaacha sauti ya mzee peke yake. Kisha akaipandisha kwenye tovuti na kumtumia binti linki. Ile memori kadi aliifuta baadaye, akapakia picha za familia nyingine. Hakuona sababu ya kuiweka. Vitu vyake vyote viliishi kwenye seva.

Wiki mbili baadaye alifika karakanani na karatasi.

"Hii ndiyo anwani ya jiwe la kwanza."

Binti alihesabu kwa kalamu. "Herufi na tarakimu thelathini na sita! Hii ni anwani au gari moshi?"

"Ikiwa ndefu hivyo, haiwezi kufanana na nyingine hata dunia nzima ikijiandikisha."

"Na mkono wangu je? Hebu ipunguze."

"Naweza kuipunguza hadi kumi. Ila lazima ziwe herufi na tarakimu tupu. Ukiweka mkwaju, ule mstari wa mshazari, alama ya kuuliza au nafasi, anwani inavunjika, simu haielewi inakwenda wapi."

"Kumi? Njoo hapa."

Alimpa tindo na nyundo na kipande cha itale, akamwambia achonge S moja. Baba mdogo, mdogo wa marehemu, aliweka kazi yake chini ili asikose tamasha. Baada ya nusu saa kijana alikuwa ametota jasho, na juu ya jiwe kulikuwa na kitu kama funza aliyekanyagwa.

"Mkwe," baba mdogo alisema, "hapo umeandika nini, jina la ugonjwa?"

"Baba mdogo! Nani mkwe?" binti aling'aka.

"Mimi sijataja mtu. Nimeliambia jiwe."

Alipoinama kumpokonya tindo, kijana aliona bandeji kwenye kifundo cha mkono wake. Akauliza. Binti alimwambia kuwa vidole vitatu hufa ganzi ikifika saa nane, na kwamba kinachomuua ni mviringo. S, O, C, tisa, nane. Zile zilizonyooka huzichonga huku anaimba.

Kijana alirudi chumbani kwake, akafungua kompyuta, na akafanya jambo ambalo hakuna mtengenezaji wa programu angelifanya ila aliyependa. Alipita kwenye herufi zote na tarakimu zote, akatoa kila moja yenye tumbo au mgongo uliopinda. Akatoa na zile zinazofanana, zisije zikasomwa vibaya. Zikabaki kumi na tano, zote za mistari iliyonyooka. Halafu akapunguza urefu, kutoka kumi hadi nne.

Alipiga hesabu. Herufi kumi na tano katika nafasi nne, unapata alama hamsini elfu na ushee. Makaburi yote ya karakana ile kwa mwaka hayafiki mia tatu. Zinatosha, alijiambia, na akampigia simu.

"Tindo wangu, nne tu. Na hakuna hata moja iliyopinda."



"Umezitoa zote?"

"Zote."

"Kwa ajili ya mkono wangu?"

"Kwa ajili ya mkono wako."

"Wewe mwanamume ni mjinga," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imeloa. "Njoo kesho. Njoo mapema."

Mawe yaliendelea. Majina, tarehe mbili, na chini kabisa herufi nne ndogo nyoofu. Ya baba ilikuwa TKV7, ingawa jiwe lake lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, tupu, likisubiri mwaka. Karakana nyingine zilisikia, zikajiunga. Na kila alfajiri simu ya binti iliita.

"Umeamka?"

"Nimeamka. Wewe je, shati umelipiga pasi mgongoni leo?"

"Mgongo nani anauona?"

"Mimi nauona ukiondoka. Ndio upande ninaoujua zaidi."

"Basi siku moja sitaondoka, uone."

"Maneno hayo yana mashahidi, Bwana Mtandao. Nimeweka spika, baba mdogo yuko hapa anapiga mswaki."

Wakicheka hivyo jua huwa limekwisha toka, na kazi inangoja. Ndivyo alivyoacha, bila kuamua kuacha, kuisikiliza sauti ya baba yake alfajiri. Ilikuwepo. Alijua ilipo. Mtu akijua kitu kipo, hana haraka nacho.

Mwaka ulipotimia waliweka jiwe. Lilikuwa la kijivu iliyokolea, na binti alilichonga kwa wiki tatu bila kuruhusu mkono mwingine uliguse. Familia ilisimama kulizunguka. Mama alivaa gauni jeupe na viatu alivyoazima kwa shangazi. Kijana alisimama nyuma kidogo, mahali pa mtu ambaye bado hajatambulishwa lakini kila mmoja anajua ni nani. Alikuwa amepiga pasi shati lote.

Mama aliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, akisoma kwenye jiwe. Kisha akaweka simu sikioni na kufumba macho.

Aliyafumbua.

"Huyu si mume wangu," alisema.

"Sikiliza vizuri, mama."

"Mwanangu, nimelala na mtu miaka thelathini na moja, nisijue sauti yake? Huyu ni mwanamke."

Shangazi alimpokonya simu, akaweka spika. Sauti ya bibi kizee ikajaa makaburini, yenye furaha, ikiwaambia wajukuu wasigombanie kitanda chake, godoro lenyewe lina kunguni.

"Haa!" shangazi alisema. "Kumbe kaka alikuwa na mwingine!"

"Shangazi, hebu nyamaza," binti alisema. Alikuwa hamwangalii shangazi. Alikuwa anamwangalia kijana, ambaye tayari amechuchumaa chini na kompyuta magotini, uso wake umekuwa rangi ya lile jiwe.

Ilimchukua dakika tano kuona. Ilimchukua nyingine tano kuweza kusema. Akamwita binti pembeni, kwenye ukuta wa makaburi.

"Kompyuta ilitoa alama ile mara mbili. Ya baba yako, halafu miezi mitatu iliyopita ya bibi mmoja. Zote TKV7."

"Ulisema ziko hamsini elfu."

"Ziko."

"Na mawe hayafiki mia tatu."

"Yako mia mbili na themanini. Lakini nilihesabu vibaya. Nililitazama kila jiwe peke yake. Kumbe kila jiwe linatazamana na kila jingine, na ukizihesabu jozi hizo ni elfu thelathini na tisa. Ilikuwa sawa na kurusha sarafu, Tindo. Nilirusha sarafu, na sikujua."

"Sawa. Zimefanana. Basi mtoe bibi wa watu, umrudishe baba."

Kijana aliifunga kompyuta.

"Mrudishe baba."

"Familia zilikuwa zinapakia mara mbili mbili, zinabonyeza bila kungoja. Nikaiambia programu, ikipokea sauti kwenye alama iliyopo, iweke mpya mahali pa ya zamani. Nakala za akiba zinakaa siku saba, halafu zinafutwa. Imepita miezi mitatu. Bibi amekaa juu yake. Chini hamna kitu."

Binti aliegemea ukuta. Mama yake alikuwa bado amesimama mbele ya jiwe, anamsubiri mtu amwambie abonyeze wapi.

"Ingewezekana kuzuia?"

"Ndiyo. Kabla ya kutoa alama, programu inauliza kwanza kama ipo."

"Ni kazi kubwa?"

"Mstari mmoja."

"Muda gani?"

Alitamani kudanganya. "Dakika mbili."

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali kipimo cha jiwe. Akamwacha pale, akaenda kumshika mama yake mkono.

Kijana aliuandika ule mstari jioni ileile. Akaongeza urefu wa alama mpya, akarudisha herufi zenye matumbo. Kisha akaanza kutafuta. Aliitafuta memori kadi, akaipata, akatumia kila programu ya kufufua vilivyofutwa. Zikafufuka picha za harusi za watu, tabasamu na keki, hakuna sauti. Akaenda kwa fundi simu. Fundi alimwonyesha ndoo ya bodi zilizokwisha ng'olewa vipuri. "Iko humu au haimo," alisema. "Hata nikiipata, ndugu, ilikufa ukiiona." Akawaandikia wenye seva. Wakamjibu kwa adabu.

Kila alfajiri alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Siku ya tisa ikapokelewa.

"Tindo?"

"Ni mimi, mkwe," alisema baba mdogo. "Yeye yupo hapa, anasema hayupo."

"Shikamoo, baba. Anakula?"

"Marahaba. Anakula kama anayelishwa." Akashusha sauti. "Jiwe la yule bibi nililichonga mimi. Siku ile mlikwenda kutembea. Alama ya baba yenu sikuwa naijua. Nilifurahi, nikasema, leo nimepata nyoofu tupu."

Wakabaki kwenye simu wakisikiliza mashine ya kukatia ikivuma, mpaka simu ikakatika.

Wiki ya nne, mchana wa saa tisa, mlango wa chumba cha kijana uligongwa mara tatu, kwa nguvu ya mtu aliyezoea nyundo. Binti aliingia bila kuvua kilemba. Alikuwa amekonda shingoni. Akaketi kwenye kiti pekee, na kijana akaketi kitandani, katikati ya nguo ambazo hazijakunjwa.

"Sikuja kusamehe," binti alisema.

"Sijaomba."

"Ungeomba hata kidogo. Ningepata cha kukataa." Alitazama dirisha. "Ulipokuwa unaisafisha ile sauti, uliisikiliza mara ngapi?"

"Siku tatu mfululizo. Mara mia mbili. Labda zaidi."

"Mimi maneno ninayo. Lakini mapumziko yake yamenitoka. Alivyovuta pumzi, alivyokatiza. Najaribu alfajiri, inakuja maneno tu, kama ya kwenye karatasi. Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka kila sekunde."

"Sema."

Kijana alifumba macho. Akasema polepole, akisimama pale mzee aliposimama.

"Mwanangu. Lile jiwe la mwalimu..." Akangoja. "Lina ufa upande wa kushoto, usiligonge mpaka nirudi. Nimekwenda kununua..." Akavuta pumzi puani. "Kununua nini vile. Aa. Msasa. Chai iko kwenye chupa, mwambie mama yako asiimalize." Hapo akacheka kidogo, kicheko kifupi kama mtu anayepuliza vumbi, kisha akakohoa. "Haya. Haya mama."

Binti alikuwa ameshika kingo za kiti.

"Kikohozi kilikuja kabla ya kicheko."

"Baada. Sekunde ya thelathini na moja."

"Kabla, Bwana Mtandao. Ni baba yangu."

"Basi kabla."

"Usinikubalie tu! Kilikuwa wapi?"

Kijana alifungua mikono. Hapakuwa na mahali pa kwenda kuuliza, si kwenye seva wala kwenye ndoo ya fundi. Walikuwa wao wawili, na hawakukubaliana.

"Sema tena," binti alisema.

Akasema tena, na kikohozi akakiweka kabla. Binti akalia kimyakimya, akacheka palipotajwa chai, akamwomba mara ya tatu. Akasema. Safari hii alikuwa hodari zaidi, alijua wapi pa kuvuta pumzi. Alipofika kwenye ufa wa upande wa kushoto, binti alisimama ghafla, akamziba mdomo kwa kiganja chake kigumu.

"Basi."

Kijana alimtazama juu ya kile kiganja.

"Nimejaribu kumsikia yeye sasa hivi," binti alisema, "nimekusikia wewe. Ni sauti yako inayosema usiligonge. Mara tatu tu, na umeshakaa mahali pake. Usiyaseme tena maneno hayo mbele yangu. Hata nikikuomba."

Alitoa mkono taratibu.

"Hata ukiniomba?"

"Nikikuomba ndiyo ukatae zaidi. Na nitakuomba. Najijua."

"Na mimi niende wapi nayo?"

"Kaa nayo. Kaa na mimi." Alisema hivyo akiangalia chini, kwa hasira, kama mtu aliyenaswa kwenye kosa. "Nimejaribu wiki nne kukaa na watu ambao hawaijui. Siwezi. Nawe siwezi kukusikia ukiisema. Sasa nifanye nini?"

Kijana alimshika mkono, ule wenye bandeji, akavisugua vidole vitatu vilivyokufa ganzi mpaka vikapata joto.

Walioana baada ya miezi miwili, watu wachache, hakuna spika. Binti aliomba, kama alivyosema ataomba. Mara ya kwanza kabla hata mwezi haujaisha, wakiwa wanakunja shuka. Kijana alitikisa kichwa. Binti alimrushia shuka usoni, akatoka, akarudi akaendelea kukunja.

Kisha Jumapili moja mama alikuja kuwatembelea. Alikula, akasifu pazia, akauliza habari za mkono. Halafu akaweka kikombe chini na kumgeukia mkwewe.

"Baba, nimeambiwa wewe uliyashika maneno yake. Mimi sikuwahi kuyasikia hata mara moja. Nilijiwekea akiba." Alitabasamu, akaomba radhi kwa macho. "Nisemee tu. Sitajali kwamba ni wewe."

Kijana alimwangalia mkewe. Binti alimwangalia mama yake, ule uso uliongoja mwaka mzima na zaidi. Akainuka.

"Msemee," alisema. "Msemee yote."

Akaufunga mlango nyuma yake. Uani kulikuwa na jiwe jipya ambalo bado halina jina. Alichukua nyundo na tindo akaanza kugonga, pasipo na herufi, pasipo na mstari, kwa nguvu zote za mkono ule mbovu, mpaka vumbi likamfunika kilemba. Hakuacha kugonga mpaka alipoona mlango umefunguka na mama yake amesimama kizingitini, anajifuta macho kwa upande wa mkono, anachekacheka peke yake.